Mizani za zamani za kupimia baruti: namna ya kuitambua uliyonayo na kuijaribu kabla hujaiamini

#1 Kulungu wa Duluth (mleta uzi)

Wakuu, habari za siku nyingi.

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye mnada wa vitu vya nyumbani huku Minnesota, Marekani. Mzee amefariki, watoto wanauza kila kitu, kuanzia vijiko hadi trekta. Chini ya meza ya karakana kulikuwa na boksi la misumari na kopo la rangi lililokauka, na katikati yake nikaona mkono wa mizani umejitokeza. Kitanga kimebonyea ukingo kidogo, vumbi limeganda juu yake, lebo imebanduka siku nyingi. Bei dola 15. Nililipa bila kuomba kupunguziwa.

Kwa wasiojua: huku wawindaji wengi hujaza risasi zao wenyewe. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi, linasafishwa, linatiwa fataki mpya, baruti na kichwa kipya, kisha linatumika tena. Msimu wa kulungu ni Novemba, kwa hiyo miezi hii ndiyo ya kukaa mezani na kujaza. Huko nyumbani kwetu mambo ya risasi yana sheria zake na simshauri mtu yeyote aguse. Uzi huu ni wa mizani, na mambo mengi nitakayosema yanamhusu pia sonara, mfamasia na mwalimu wa maabara.

Baruti hupimwa kwa greni. Greni 7000 ni ratili moja, na gramu moja ni greni 15.43. Mizani hizi husoma hadi sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6.5 hivi. Kwa jicho, hiyo ni kama chembe mia moja za chumvi ya mezani. Kwenye bunduki ya kulungu inayokula greni 45, sehemu ya kumi si kitu kikubwa. Kwenye risasi ya bastola inayokula greni 4, ukikosea nusu greni umekosea zaidi ya asilimia 10, na ukikosea kwa kuzidisha, chuma kinaweza kupasuka mkononi mwako. Ndiyo maana nasema mizani ya dola 15 haiwekwi mezani ikaanza kazi siku hiyohiyo.

KUITAMBUA

Usianze na jina lililo kwenye lebo. Kampuni nyingi za vifaa vya kujazia risasi hazikutengeneza mizani zao. Ziliagiza kwa Ohaus, kampuni ya New Jersey ambayo Gustav Ohaus aliianza pamoja na baba yake mwaka 1907 mjini Newark. Ohaus walizitengenezea kampuni za RCBS na Lyman, na kila mmoja akaweka jina na rangi yake. Kwa hiyo mizani mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Pindua kitako, soma maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma upande wa chini. Yangu haina lebo, lakini jina la Ohaus lipo pale chini, limejaa masizi.

Kisha hesabu vijiwe vinavyoteleza juu ya mkono na usome alama zake. Hapa hesabu yenyewe inakupa jibu. Yangu ina vijiwe viwili: kikubwa kinaruka greni tano tano hadi 500, kidogo kinakwenda kwa sehemu za kumi hadi 5. Jumla 505. Zipo zenye vijiwe vitatu: kikubwa hadi 500, cha pili greni moja moja hadi 10, cha tatu sehemu za kumi hadi 1, jumla 511. Ile RCBS 10-10 inafika 1010, na badala ya kijiwe kidogo cha kuteleza ina kijiwe cha kuzungusha kama skrubu. Mizani ya kampuni ya Lee ni ndogo, haifiki mbali zaidi ya greni 100, lakini kwa kazi hiyo ndogo ni nyepesi kuitikia.

Tazama pia jinsi mkono unavyotulizwa usiyumbe. Nyingi zina ubapa wa shaba nyekundu mwishoni mwa mkono, unaopita katikati ya sumaku mbili bila kugusa. Shaba haivutwi na sumaku, ila ikitembea ndani ya uga wake huzaa mikondo midogo ya umeme inayoupinga mwendo. Mkono ukisimama, upinzani nao unakwisha, kwa hiyo haupotoshi kipimo. Mizani za mwanzo za kampuni ya Redding zilitumia kikombe cha mafuta badala ya sumaku. Mtu akiinunua kikombe kikiwa kikavu, mkono unayumba dakika nzima na anadhani imeharibika. Haijaharibika, inadai mafuta yake.

KUISAFISHA

Moyo wa mizani ni makali mawili ya chuma kigumu yaliyo chini ya mkono, yanayokaa juu ya vikalio vya akiki. Akiki ni jiwe, halishiki kutu na halibonyei upesi. Nilinyanyua mkono, nikafuta makali kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, nikasugua vikalio kwa kijiti cha meno kilichochongwa bapa. Pamba ilitoka na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli. Mstari huo ulikuwa umekaa mahali ambapo uzito wote wa mizani unategemea.

Sumaku nilizisafisha kwa selotepu iliyokunjwa, gundi nje. Karakana ina unga wa chuma kila mahali, na sumaku hukusanya miaka yote. Nilitoa ndevu fupi za chuma kutoka pande zote mbili. Ndevu hizo zikiugusa ule ubapa wa shaba, mkono unasimama mahali unapotaka wenyewe.

KUIJARIBU

Niliiweka juu ya kipande cha kioo kinene mezani, nikahakikisha kwa pimamaji, vijiwe vyote sifuri, kitanga kitupu, nikazungusha skrubu ya mguu hadi mshale ukakaa kwenye mstari. Halafu nikachukua mawe ya majaribio ya gramu, daraja la M1. Jiwe la gramu 5 la daraja hilo linaruhusiwa kukosea miligramu 1.6 tu, yaani robo ya ile sehemu ya kumi ya greni. Nilitumia kibano, sikugusa kwa vidole.

Gramu 1 ingetakiwa isome 15.43. Ikasoma 15.3.
Gramu 2 ingetakiwa isome 30.86. Ikasoma kati ya 30.6 na 30.7.
Gramu 5 ingetakiwa isome 77.16. Ikasoma 76.6.

Tazameni namna kosa linavyokua. Lingekuwa kosa la sifuri, lingebaki lilelile kila mahali. Lingekuwa pengo moja la mkono, pale kijiwe kinapokaa, lenye uchafu, lingejitokeza pale tu. Hili linapanda pamoja na uzito, kama asilimia 0.7 kila mara. Kosa la namna hiyo linatoka kwenye kijiwe chenyewe. Nikajaribu kijiwe kidogo peke yake kwa jiwe la miligramu 200, ambalo ni greni 3.09. Kikasoma 3.1, safi. Basi mkosaji ni kile kikubwa, na kwa kuwa mizani inasoma pungufu, kijiwe ni kizito kupita inavyotakiwa.

Nikakigeuza chini ya taa kwa kioo cha kukuzia. Upande wa chini, ndani ya mfereji, kulikuwa na tone la rangi ya kijivu limekauka. Rangi ileile ya lile kopo lililokuwa kwenye boksi. Nikalilainisha kwa spiriti, likatoka kwa ukucha, vipande vitatu. Nikarekebisha sifuri upya, maana nayo ilihama. Gramu 1 ikasoma 15.4 na kuzidi kidogo, gramu 2 ikakaa katikati ya 30.8 na 30.9, gramu 5 ikakaa baada kidogo ya 77.1.

Fikirini maana yake. Kabla ya hapo, mtu angepanga vijiwe kwenye 45 angemwaga baruti ya 45.3. Anadhani yuko ndani ya kipimo cha kitabu cha kujazia risasi, kumbe ametoka.

Sasa swali langu. Makali ya upande mmoja yana sehemu inayong'aa tofauti, kama imelala kidogo. Kuna wanaosema yanolewe kwa jiwe laini. Nimeogopa. Wenye ujuzi wa vyuma vidogo naomba mnisaidie.

#2 Fundi Saa, Nairobi

Mkuu, weka hilo jiwe chini tafadhali.

Makali ya mizani hayapo ili yakate. Yapo ili mkono uegemee kwenye mstari mmoja tu, na mstari wa kulia na wa kushoto uwe umenyooka kama uzi mmoja. Ukinoa upande mmoja hata kwa unene wa karatasi ya sigara, umehamisha mhimili. Umebadilisha urefu wa mkono kutoka kwenye mhimili hadi kwenye kitanga, na hapo hesabu yote ya alama zilizochorwa kiwandani imevurugika. Kosa lako la asilimia 0.7 ulilitoa kwa ukucha. Hili hutaweza kulitoa.

Kwanza hakikisha kama kuna tatizo kweli. Weka jiwe lilelile mara kumi, kila mara unyanyue mkono kabisa na kuurudisha. Mshale ukirudi mahali pamoja mara zote, huo mng'ao ni alama ya kazi, si ugonjwa. Halafu chukua sindano ya kushonea, ishike kwa wepesi sana, ipitishe juu ya kikalio cha akiki. Usiikandamize. Akiki nzima utaisikia kama kioo. Ikiwa na ufa, sindano itakwama kidogo na vidole vitaujua ufa huo kabla ya macho. Sisi tunafanya hivyo kwenye mawe ya saa kila siku.

Na tafadhali wote mnaosoma: mafuta hayaingii hapo. Najua mkono unatamani kutia tone. Saa inahitaji mafuta kwa sababu inazunguka usiku na mchana. Mizani inainama tu, na tone la mafuta linageuka gundi ya vumbi.

#3 Mgeni wa Houston

Nimesoma hiyo sentensi ya mwisho nikajisikia vibaya, kwa sababu mimi nimeshatia mafuta.

Niliinunua 10-10 mtandaoni. Ilikuja kwenye kifuniko chake, inaonekana nzuri. Nikatia mafuta ya cherehani kwenye makali. Sasa kila nikiigusa inasimama mahali tofauti. Pili, skrubu ya mguu nimeizungusha hadi mwisho na bado mshale haufiki sifuri, mkono umebaki chini upande wa kitanga. Tatu, kwenye picha za watu wengine naona kuna kijiwe cha ziada cha kuning'iniza mwishoni mwa mkono, mimi sina. Je, nimepigwa?

#4 Kulungu wa Duluth

Pole ndugu yangu. Twende moja moja.

Mafuta: spiriti na pamba, rudia mara tatu nne, kila mara pamba mpya, hadi itoke nyeupe. Usisahau vikalio vya akiki na pale mshikio wa kitanga unapoegemea, maana mafuta hutambaa. Ikauke saa nzima.

Skrubu kuishiwa: hiyo ni dalili ya kitanga kisicho chake. Kitanga, mshikio wake na mkono vilipatanishwa pamoja kiwandani. Mtu akiwa na mizani mbili akachanganya vitanga, au akakipoteza akanunua kingine, kinachokuja huwa kizito au chepesi kuliko kile cha asili. Chako ni kizito, ndiyo maana kinashuka. Lakini hapa pana faraja. Uzito wa kitanga unaharibu sifuri tu, hauharibu kitu kingine. Ukiisawazisha sifuri, kipimo chote kinakuwa sawa. Angalia chini ya mshikio, pale kitanga kinapokalia. Mizani nyingi za aina hii zina kijumba kidogo chenye marisau (punje ndogo za madini ya risasi) ndani, kimefunikwa. Hayo marisau ndiyo waliyotumia kusawazisha. Kifungue taratibu, toa punje moja, jaribu, rudisha skrubu ya mguu katikati kabla ya kuanza. Ikipungua mno, kata punje nusu kwa wembe. Nawa mikono baadaye, marisau ni sumu.

Kijiwe cha kuning'iniza: hicho ni cha kupimia vitu vizito vya zaidi ya greni 510, kama kichwa kikubwa cha risasi. Kwa baruti huwezi kufika huko. Usikitafute kwa bei ya kuumia, na usikitengeneze mwenyewe kwa kukisia.

Fundi Saa, nashukuru sana. Jiwe nimeliweka kabatini. Jaribio la mara kumi nitalifanya kesho nikitoka kazini, sasa hivi mikono imechoka.

#5 Binti Sonara, Mombasa

Hamjambo nyote. Babangu alikuwa sonara, na babu pia, mizani zao mbili ninazo hapa nyumbani ndani ya kisanduku cha mbao. Sijawahi kushika baruti, lakini greni naijua. Tola moja ni greni 180 kamili. Kwa gramu ni 11.66. Ile rupia ya fedha iliyotumika pwani yetu siku za nyuma ilikuwa na uzito wa tola moja, kwa hiyo sonara aliyekosa mawe alipimia rupia mpya isiyolika. Na chini ya tola walikuwa na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, 96 kwa tola moja. Babangu alituonya tusizitie mdomoni, maana zina sumu kali.

Nataka nikupe jambo alilonifundisha, kwa sababu naona mnahangaika kuitengeneza mizani iwe ya kweli katika kila alama. Babangu alikuwa akisema mtange (huo mnaouita mkono) hauna haja ya kuwa wa kweli, una haja ya kuwa na msimamo. Alikuwa akifanya hivi. Akitaka kupima tola moja ya dhahabu, anaweka jiwe la tola kwenye kitanga cha kulia. Kitanga cha kushoto anatia mchanga safi wa pwani uliooshwa, chembe kwa chembe, hadi ulimi usimame. Kisha anaondoa jiwe, mchanga anauacha palepale, na mahali pa jiwe anaweka dhahabu hadi ulimi urudi kusimama. Sasa dhahabu imekaa pale pale lilipokaa jiwe, kitanga kilekile, upande uleule. Hata mkono mmoja uwe mrefu kuliko mwingine, haidhuru kitu.

Nyinyi mna upande mmoja tu, lakini vijiwe vyenu ndio mchanga wenu. Kaka Kulungu, ukitaka greni 45, panga mawe yako ya gramu yakaribie hapo, yaweke kitangani, sogeza vijiwe hadi mshale utulie, usisome alama kabisa. Toa mawe, mimina baruti hadi mshale urudi palepale.

Niliwahi kumpelekea mizani ya babu mtu mmoja wa kupima vipimo, akaniambia imechakaa, nikatupe. Nilirudi nayo nyumbani nikalia. Haijachakaa. Nikiweka jiwe mara kumi, ulimi unarudi mara kumi.

#6 Kulungu wa Duluth

Dada, nimeisoma nikasimama. Nimefanya kazi hii kwa vitabu na kalamu miaka minne na sikufikiria hivyo.

Nimefanya sasa hivi. Gramu 2, miligramu 500, na 200 mbili, jumla gramu 2.9, ambayo ni greni 44.75. Nikasogeza vijiwe hadi mshale ukatulia. Nilipochungulia alama baadaye, vilikuwa kwenye 44.7 na nusu hivi, kwa hiyo ile kazi ya kuondoa rangi inathibitishwa upande wa pili. Halafu nikaondoa mawe, nikamimina baruti. Baruti yangu ni ya vijiti vifupi, kijiti kimoja kina kama greni 0.02. Mwishoni nilikuwa nadondosha kijiti kimoja kimoja kwa kibano. Mshale uliitikia kijiti kimoja. Si kwa kusema umeinuka kabisa, ila ukiutazama kwa makini unauona umeacha mstari na kuhamia ukingo wake wa juu.

Kuuona, niliweka simu kwenye kisimamio, kamera sawasawa na mshale. Jicho likiwa juu kidogo au chini kidogo linadanganywa na nafasi iliyopo kati ya mshale na mstari. Kamera haichoki na haiinami.

Lile jaribio la mara kumi nalo: mara tisa palepale, mara moja juu kidogo, nikagundua dirisha lilikuwa wazi.

#7 Mtu wa Kivu, Missoula

Jambo yenu wandugu. Mimi niko Montana, tulifika hapa kutoka Kongo kupitia kambini. Kwetu hiki kitu tunaita balansi. Jirani yangu mzungu mzee alinifundisha kuwinda, na mwaka huu amenipa balansi yake kwa sababu macho yake yamechoka.

Habari ya upepo ni kweli kabisa. Nilipima wiki mbili nikidhani balansi ina ugonjwa: inapanda, inashuka, inatulia, inapanda tena. Nilikuwa nimeiweka meza iliyo juu ya tundu la hewa ya moto. Kila mashine ya moto ikiwaka, kitanga kinainuliwa. Sasa nimetengeneza boksi la kadibodi lenye uwazi mbele, na pumzi yangu pia haifiki.

Swali. Mimi niko juu milimani. Balansi hii ilitoka kwa kaka yake jirani aliyekaa kando ya bahari. Je, huku juu vitu havipungui uzito? Nitakiwe kuirekebisha tena?

#8 Mwalimu wa Fizikia, Dodoma

Swali zuri sana, na wanafunzi wangu hulikosa kwenye mtihani.

Ukipanda mlima, nguvu ya uvutano inapungua kidogo sana, ni kweli. Lakini mizani ya mkono hailinganishi kitu na uvutano, inalinganisha kitu na kijiwe. Uvutano ukipungua kwa baruti umepungua kwa kijiwe pia, kwa kiasi kilekile, na mkono unabaki ulipo. Kwa hiyo alama za mkono hazibadiliki hata ukiipeleka mwezini. Utakachorekebisha ni sifuri tu, kwa sababu meza yako haijalala kama meza ya yule wa pwani.

Mizani ya elektroniki ni habari nyingine. Ile inapima msukumo, kwa hiyo ukiihamisha kutoka pwani kwenda mlimani lazima uipe tena jiwe lake la kurekebishia. Tena inataka iwashwe na kuachwa muda kabla ya kuanza, na hubadilika joto la chumba likibadilika. Sisemi ni mbaya, ina haraka ambayo mkono hauna. Ila mkono wa chuma uliokaa chini ya meza miaka arobaini, ukifutwa, unajibu kama ulivyojibu siku ya kwanza.

Na nimpongeze Binti Sonara. Njia ya baba yake ndiyo ile tunayofundisha maabara kwa jina la kupima kwa kubadilisha.

#9 Mgeni wa Houston

Mrejesho. Spiriti mara tano, pamba hatimaye nyeupe. Sasa inarudi sifuri kila mara. Kijumba cha marisau nimekipata, nimetoa punje moja nzima na nusu, skrubu iko katikati. Ahsanteni sana, nilikuwa nimeanza kuandika tangazo la kuiuza.

Swali dogo: sina mawe ya majaribio bado. Naweza kutumia sarafu? Nikeli ya senti tano ni gramu 5 kamili.

#10 Kulungu wa Duluth

Nikeli imeandikwa gramu 5, ndiyo, sawa na greni 77.16. Lakini kiwanda cha sarafu kinaruhusiwa kukosea zaidi kuliko unavyoweza kuvumilia wewe, na ikishapita mikononi mwa watu imelika ukingo au imebeba uchafu. Chukua nikeli kumi uzipime uone zinavyotofautiana. Sarafu inafaa kukuonyesha kwamba hujateleza greni tano nzima, na hilo peke yake ni jambo kubwa, kwa sababu kosa linaloumiza watu siyo sehemu ya kumi. Ni kile kijiwe kikubwa kuruka pengo moja bila wewe kuona, au kukaa nusu ndani ya pengo nusu nje. Kila unapoanza, na kila ukitoka mezani ukarudi, kisome tena kijiwe kikubwa kwa sauti. Mimi nasoma kwa sauti kweli, mke wangu ameshazoea.

Kwa vipimo vyenyewe nunua mawe. Seti ndogo inayoanzia miligramu 10 hadi gramu 50 inatosha kabisa. Vichwa vya risasi vilivyoandikwa uzito pia usivitegemee, vya boksi moja hutofautiana.

Na kwenye kuihifadhi: ukimaliza, nyanyua mkono utoe kwenye vikalio, uulaze pembeni ndani ya kifuniko. Mizani isibebwe kutoka chumba hadi chumba mkono ukiwa umekalia akiki. Kila hatua unayopiga, makali yanagonga jiwe. Nadhani ule mng'ao kwenye makali yangu ulianzia huko, kwa mtu aliyekuwa akiibeba ikiwa wazi kutoka rafuni kuja mezani.

Mtu wa Kivu, ukipata nafasi tupia picha ya kitako cha hiyo ya jirani yako, upande wa chini, na uhesabu vijiwe. Tutaitambua.